Fundo Jekundu la Hilma

Kule kaskazini mwa Minnesota, mama asiyejua kufuma kofia za watoto alisemwa mpaka basi. Hilma Kantola hakusemwa na mtu. Kofia zake za sufu zilifunika masikio vizuri, mbele zilikuwa na nyota ya buluu, na katikati ya kila nyota fundo moja jekundu. Watu walidhani ni urembo. Nje ya nyumba yake, Lempi, shoga yake tangu utotoni, ndiye pekee aliyejua kwamba fundo lile ni Eino, mwanawe Hilma, aliyekufa kwa homa ya mapafu miaka mitano nyuma.

Mwezi wa Aprili 1952, Lempi aliazima kofia moja.

"Nipe niangalizie, shoga, nimfumie mjukuu."

Hilma akampa. Angemnyimaje mtu aliyemsaidia kuuosha mwili wa Eino?

Oktoba, kwenye kahawa ya baada ya ibada, alikuta wanawake wamemzunguka Lempi, jarida la akina mama likipita mkono kwa mkono. Lilipomfikia, Hilma aliiona nyota yake, maelezo ya kuifuma, na chini jina la Bi Lempi Saari. Mstari wa ishirini na tatu ulisema: hapa weka fundo moja jekundu.

"Na Eino umemwandika?" akauliza.

"Jamani, Hilma! Bila hilo isingependeza. Tena mimi sikumtaja mtu."

"Ni kweli. Hukumtaja mtu."

Kikulacho ki nguoni mwako. Na huyu alikuwa amekaribishwa hadi chumba cha maiti. Hilma alisukuma kando mkate wake wa iliki na kuondoka. Kuibiwa nyota angevumilia. Kilichomchoma ni mtoto wake kugeuzwa pambo.

Theluji ilipoanguka, nusu ya shule ilivaa nyota ile. Jioni moja bintiye, Irja, alirudi na kofia iliyomfunika hadi machoni.

"Hiyo ya nani?"

"Sijui, Mama. Pale tunapotundika, zote zina Eino. Nitaijuaje yangu?"

Kesho yake kofia ya Irja ilipopatikana, Hilma alitunga uzi wa buluu kwenye sindano, akashona juu ya lile jekundu hadi likapotea.

"Sasa utaijua," alimwambia Irja, akimvisha. "Yako ndiyo isiyo na Eino."