Nilitaka kumwaga sumu kwenye kichuguu cha Mama Owori

Wakuu, hamjambo humu ndani. Naona mnabishana kuhusu kilimo cha organic kana kwamba kimeletwa juzi na semina. Ngojeni niwape yangu, na sitii chumvi.

Miaka ya sabini, jeshi limeshika nchi. Mimi mtoto wa mjini, Busia, ng'ambo ya mpaka wa Kenya, utingo wa lori. Petroli ikaadimika, lori likalala, dukani hakuna sukari wala sabuni. Nikamchukua mke wangu na mtoto wetu mchanga, Zaituni, tukaenda kukodi kishamba kijijini Paya.

Shida ni kwamba maziwa ya mke wangu yalikuwa yanakauka. Mama ashindie muhogo mkavu kila siku, mtoto anyonye nini? Nikapanda sukuma na dodo, yaani mchicha. Matumaini yote yalikuwa pale.

Na nilikuwa msafi bwana! Kila asubuhi nafagia ile bustani kama uwanja wa nyumba. Jani kavu likianguka, naokota, nachoma. Majirani wanapita wananitazama, nami nadhani wananionea wivu.

Wiki ya tatu mchwa wakaingia. Kila nikiamka, miche imekatwa.

Mpakani mwa shamba palikuwa na kichuguu kikubwa. Nikasema adui ndiye huyu. Nikavuka Kenya kwa njia za panya, nikarudi na kopo la dawa ya kuulia wadudu wa pamba. Enzi zile ukikutwa na kitu cha magendo, kwenu wanaanza matanga. Nilivyopita salama, Mungu ndiye anajua.

Nimeinama nimwage, nikashikwa mkono. Mama Owori, mjane wa jirani, Mjopadhola, kabila la wenyeji wa pale. Yule mama alikuwa na nguvu jamani!

Akasema kichuguu ni chake, aliachiwa na mumewe, na mvua zikianza kumbikumbi wake ndio kitoweo cha watoto wake. Kumbe huko vichuguu vina wenyewe. Mimi wa mjini ningejulia wapi? Nikawaka, nikamwambia mchwa wake wanamuua mwanangu.

Hakupandisha sauti. Aliiangalia bustani yangu, kisha akasema:

"Baba Zaituni, mchwa hana ugomvi na mboga. Chakula chake ni vikavu. Wewe umefagia vyote, umemwachia nini?"

Nikarudisha kifuniko.

Jioni ile ile alileta mabua na nyasi kavu, tukatandaza kati ya mistari. Samadi ya mbuzi, majivu kwenye mashina, basi. Mchwa wakabaki na mabua yao. Dodo ikastawi mpaka tukawa tunagawa.

Mvua ikanyesha, mchana kumbikumbi wakatoka. Mama Owori akakaanga. Watoto wake wamekaa wanasubiri, yeye bakuli la kwanza akamletea mke wangu.

"Anayenyonyesha kwanza," akasema.

Mke wangu alikula mpaka akalamba vidole. Lile kopo lilikuwa bado kwenye kona ya nyumba, nikawa nalitazama huku yeye akila.

Nilichojifunza: kabla hujauliza mdudu anauawa na nini, uliza anakula nini. Na uliza ni wa nani. Tangu siku ile bustani yangu haijaonja dawa.

Wenye mchwa shambani, semeni mnaishi nao vipi, nasoma zote.

Mama Owori alishatangulia, na shukrani niliyompa haikutosha. Kama kuna mjukuu wake humu, ajue yule mtoto aliishi. Sasa hivi yuko bustanini, anatandaza mabua.