Gwaride la Watu Peku

Tharsisi hakuwahi kuiba hata sindano, lakini katika miaka kumi na mbili alikuwa ametambuliwa kuwa mwizi mara saba. Mara mbili alikuwa mwizi wa mbuzi, mara nne wa vitu vya umeme, na mara moja, jambo ambalo mkewe Winifrida alikaa nalo moyoni wiki nzima, alitambuliwa kuwa bwana aliyevunja nyumba ya mtu kule Buhigwe na kuondoka na redio pamoja na mwenye nyumba wa kike. Tatizo lilikuwa sura. Si mrefu wala si mfupi, si mnene wala si mwembamba, na uso wake ulikuwa wa kawaida mno, kiasi kwamba kila aliyeutazama alidhani ameshauona mahali.

"Hata mimi sokoni nakutafuta kwa kukuita," Winifrida alikuwa akimwambia. "Nikitumia macho nitarudi nyumbani na mume wa mtu."

Kwa hiyo polisi walipotaka watu wa gwaride la utambulisho, walianzia kwake. Kanuni zinataka mtuhumiwa apangwe mstari mmoja na watu wasiopungua wanane wanaofanana naye, kisha aletwe shahidi amchague aliyemwona. Tharsisi alifanana na kila mtuhumiwa. Alikuwa akizima mashine ya kunyolea, anamwacha mteja na kichwa nusu, anakwenda kusimama, anakunywa soda ya shukrani na kurudi kumalizia upande wa pili. Kituo chenyewe sikitaji jina, maana napita mbele yake kila siku na bado napenda kupita salama.

Alizaliwa Kibondo, ila kunyoa alijifunzia kambi ya wakimbizi ya Mtabila, kwa Mrundi mmoja mkali aliyeitwa Ndayiragije. Kambi ilipofungwa mwaka 2012 mwalimu alirudi kwao, na Tharsisi akafungua kibanda Kasulu mjini, hatua chache kutoka mahakamani. Mawakili walinyolewa pale, makarani walinyolewa pale, na wote walibishana juu ya sheria kana kwamba kinyozi hana masikio. Kidogo kidogo Tharsisi akawa na sheria nyingi kichwani kuliko nywele.

Aliyebishana naye sana alikuwa Afande Lusajo, mkaguzi wa polisi aliyehamishiwa huku kutoka Mbeya. Lusajo alikuwa mtu wa kanuni, na alipenda kuzitaja kwa namba.

"Gwaride ni haki kabisa," alisema siku moja akiwa kitini, shuka shingoni. "Watu wanane wanaofanana na mtuhumiwa. Unataka nini zaidi?"

"Wanaofanana wapi, afande? Juzi mtuhumiwa alikuwa na kipara. Sisi wanane tulikuwa na nywele."

"Hilo mahakama italipima."

"Italipima mwakani. Mwenye kipara atakuwa ndani anasubiri." Tharsisi akashusha wembe nyuma ya sikio la mkaguzi. "Usitikisike, afande. Hapa hata mwenye haki anaumia."

Lusajo hakutikisika. Ndiyo maana Tharsisi alipenda kubishana naye akiwa na wembe mkononi.

Asubuhi moja ya masika, konstebo Raymond alikuja kumwita. Mwalimu Aneth, wa sekondari, alikuwa ameporwa mkoba sokoni. Siku ileile akakamatwa Kalunga, Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu, aliyetoka kwa kibali kuuza vitenge. Ilikuwa siku yake ya nne mahabusu. Akichaguliwa kwenye gwaride, angefikishwa mahakamani. Na mkimbizi asiye na mwenyeji wa kumdhamini angekaa rumande mpaka kesi iishe, mwaka au zaidi. Raymond alilieleza hilo njiani akipiga mluzi.

Walipangwa kwenye baraza la nyuma lililokuwa limetoka kupigwa deki. Kalunga akatolewa ndani na kuwekwa wa nne, jirani na Tharsisi. Lusajo alimwambia anaruhusiwa kubadili nafasi akitaka. Kalunga akatikisa kichwa.

"Papa," alimnong'oneza Tharsisi, "miye sikuiba kitu. Balinikuta ku soko, balinikamata tu."

Tharsisi hakujua kama ni kweli, na ataapa hivyo mpaka leo. Alichojua ni kile alichokiona alipoinamisha macho. Wao wanane walivaa viatu: mabuti ya mvua, yeboyebo, na mmoja viatu vya kanisani. Kalunga alikuwa peku, kwa sababu mahabusu huacha mkanda na viatu kaunta. Tharsisi akaona aibu. Alikuwa amesimama kwenye magwaride zaidi ya thelathini, amekunywa soda zaidi ya thelathini, na hakuwahi hata siku moja kutazama chini.

Akainua mkono.

"Afande, samahani. Tumekuja na tope, na mama wa watu kapiga deki sasa hivi. Tutavua viatu."

Hakusubiri jibu. Alivua buti la kwanza, akamtupia jirani jicho, na jirani, ambaye alikuwa mteja wake wa mkopo, akavua haraka. Mstari wote ukafuata. Aliyevaa viatu vya kanisani alisita, maana soksi zilikuwa na habari zake, lakini naye alivua vyote.

"Vaeni viatu!" Raymond akaruka. "Nani kasema mvue?"

Lusajo akamgeukia polepole. "Vinakusumbua nini viatu vyao, konstebo?"

"Hakuna, afande. Ila... utaratibu."

"Utaratibu unasema wafanane. Sasa wamefanana. Kamlete shahidi."

Tharsisi alijikaza asicheke. Raymond alitoka, akarudi na mwalimu, polisi wa kike akiwa kati yao. Lusajo akamweleza: apite taratibu, amtazame kila mtu, na akimwona aliyempora, amguse begani, asipomwona, aseme hayupo.

Mwalimu Aneth akaanza kupita. Alipita akiwa ameinamisha kichwa kama aliyeangusha hereni, toka jozi ya kwanza ya miguu hadi ya tisa. Akafika mwisho, akasimama, akarudi upya. Jozi tisa za miguu peku kwenye saruji iliyolowa. Hapo ndipo alipoinua uso kwa mara ya kwanza, na alionekana amechanganyikiwa kweli.

"Afande," alisema, "mbona wote hawana viatu?"

"Kwani walitakiwa kuwa navyo?"

"Niliambiwa nimtazame asiye na viatu."

Lusajo alifunga jalada lake, akalifungua tena. Sikio alilonyolewa juzi lilikuwa limeiva kwa aibu.

"Nani alikuambia, mwalimu?"

Mwalimu Aneth hakuinama wala kusita. Alitembea moja kwa moja mpaka mlangoni, akamtazama konstebo Raymond usoni, akamgusa begani.

"Huyu," alisema. "Alisema nikikosa, mwizi ataachiwa na mkoba wangu sitauona tena."

Wale wanane waliangua kicheko. Mwenye soksi mbovu alicheka mpaka akajishikilia ukuta, na Tharsisi alicheka kuliko wote, kwa furaha ya mtu aliyetambuliwa kimakosa mara saba na leo ameona mtu akitambuliwa kwa haki. Mwalimu alijitazama mkono kama si wake, akaanza kulia, akasema uso wa mwizi hakuuona, aliona mgongo tu, na kwamba tangu mwanzo aliwaambia hivyo.

Lusajo alivuta kiti, akaketi na kuandika yote, neno kwa neno, na jina la konstebo akaliandika kamili. Alipomaliza alimwambia Kalunga achukue vitu vyake kaunta, aende zake.

Kalunga hakucheka. Alisimama palepale, akaitazama safu ya watu peku wanaopangusa machozi, kisha akamtazama mkaguzi.

"Afande, na kama papa huyu hangevua?"

Vicheko vikakatika. Mkaguzi yule aliyejua kanuni zote kwa namba zake alifungua tena jalada, akaanza kulipekua toka mwanzo, na Tharsisi, ambaye hakuwahi kukosa neno mbele yake, akainama na kuanza kuvaa mabuti.