Viziba Masikio vya Akiba

Verlyn Haugdahl alikuwa mtu wa sheria, na kwa sheria zake alichosha watu. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiwafundisha wanafunzi wa sekondari, kule Minnesota, kupiga kwa bunduki sahani za udongo zinazorushwa hewani, na hakuna aliyekanyaga uwanja wake bila miwani na viziba masikio. Hata mtoto wake mwenyewe.

Hapo ndipo palipomuuma. Jumapili moja ya Aprili, miaka miwili iliyopita, binti yake Maren alisahau viziba masikio nyumbani. Verlyn akamrudisha akavichukue, ili ashike adabu. Barabara ilikuwa na barafu. Gari alilokuwa akiendesha lilikutwa mtaroni, magurudumu juu.

Mji mzima ulilijua hilo na ulimhurumia. Wasilolijua, hata mkewe LaDonna, ni kwamba siku ile chini ya kiti cha pikapu yake kulikuwa na viziba masikio vipya, vya akiba, havijafunguliwa. Aliona akimpa atazoea uzembe. Tangu hapo hakuthubutu kuvitupa wala kuvigusa, na siri ile ilimtafuna.

Wapigaji husimama watano watano, kila mmoja kwenye kituo chake chenye kipaza sauti. Ukisema "Vuta!", sauti inaiamsha mashine, nayo inarusha sahani. Kituo cha tatu, cha Maren, Verlyn hakumpa mtu. Wakapiga wanne, pengo katikati. Lakini mara nyingine zamu ilipofika pale penye pengo, sahani iliruka yenyewe, bila mtu kufungua mdomo.

"Upepo huo," watoto walisema.

"Upepo," Verlyn aliitikia, jasho likimtoka. Aliogopa mchana kweupe, mtu mzima wa miaka hamsini na saba.

LaDonna, ambaye ndiye huandika alama, mwishowe alichoka. "Verlyn, basi. Brynn amekaa benchi mwezi mzima. Mpe kituo mtoto wa watu."

Akampa. Brynn akaja mbio, akajipapasa shingoni, akasonya.

"Aa, Kocha! Nimeviacha nyumbani. Naenda na gari, dakika kumi tu nimerudi."

"Kesho utasahau kichwa!" wenzake wakamcheka.

Theluji nyepesi ilikuwa imeanza kudondoka, na Brynn alikwisha kushika ufunguo.

"Usiende!" Verlyn alipiga kelele hadi watoto wakanyamaza. Angeweza kumwazima vya LaDonna. Hakufikiri, miguu ilikwisha kumpeleka kwenye pikapu. Akararua pakiti, akamvika msichana kwa mikono yake mwenyewe.

LaDonna akaiokota pakiti. Ilikuwa na kibandiko cha duka la Ostby, na duka hilo lilifungwa moja kwa moja majira ya baridi, kabla Maren hajafa.

"Hivi vilikuwa wapi?"

"Chini ya kiti."

"Siku ile pia?"

Verlyn alitamani kusema uongo, lakini ulimi ulikataa. "Siku ile pia."

LaDonna hakulia wala hakumtukana. Alirudi kwenye kiti chake, akaandika alama za kila mtoto hadi sahani ya mwisho, bila kukosea hata moja. Kisha akafunga daftari, akampita mumewe, akamfuata Brynn.

"Mwanangu, nipeleke kwa dada yangu," alisema. "Na uendeshe polepole."