Mafundo Sitini na Moja

Jumatatu tarehe 5 Agosti 1996, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, Mzee Beatus wa Katindiuka alishuka kwenye baiskeli mbele ya kibanda changu cha kupiga chapa, karibu na soko la Ifakara. Alikuwa ametoka kwake saa moja na robo. Aliyempakia, Mzee Hermenegildi, alikuwa amerudi kutoka Masagati siku mbili kabla, na ndiye shahidi pekee aliyebaki hai wa mipaka ya shamba la Beatus, aliyekuwa akimngoja.

Beatus alipofuka akiwa na miaka thelathini na miwili. Alijifunza kusuka mikeka, akamlea binti yake mmoja, akaendelea kulima ekari mbili za mpunga kwa vibarua. Hakuwahi kukosa misa wala kikao. Siku alizihesabu kwa kamba ya ukindu, fundo moja kila alfajiri. Barua alisomewa na mdogo wake, Polycarp, na kwa miaka kumi na tisa hakuona sababu ya kumtafuta msomaji mwingine.

Nilimwamkia. Akanieleza kwamba kamati ya ardhi ilimwandikia kuwa kuna mtu ameomba shamba lake, naye amepewa siku tisini za kuweka pingamizi. Tangu aliposomewa barua hiyo, kamba yake ilikuwa na mafundo sitini na moja.

“Anahesabu kuliko mwanamke mjamzito,” alisema Hermenegildi, na Beatus akacheka.

Kabla ya kupiga chapa jibu, niliomba kuisoma barua yenyewe. Katika chuo cha kupiga chapa tulifundishwa kwamba anayemsomea asiyeona hafupishi wala hakadirii. Palipoandikwa 4/6/1996 nilisoma tarehe nne, mwezi wa sita, mwaka elfu moja mia tisa tisini na sita. Palipoandikwa 9.00 nilisema saa tatu asubuhi, kwa kuwa ndivyo watu wetu wanavyotaja saa. Kisha nikasoma kwamba pingamizi lipokelewe ndani ya siku thelathini tangu tarehe ya barua.

“Rudia hapo, mwanangu.”

Nilirudia. Akaniomba nitaje tarakimu moja moja. Nikasema tatu, halafu sifuri. Nikamweleza kuwa muda ulikwisha tarehe nne Julai, siku thelathini na mbili zilizopita. Akauliza jina la mwombaji. Nikalisoma kama lilivyoandikwa: Polycarp, pamoja na jina la baba yao.

Beatus aliikunja kamba, akaishika mkononi.

“Hapo ndipo alipokohoa,” alisema. “Nikamwambia anywe maji.”

Hata hivyo alitaka barua ya pingamizi ipigwe chapa. Hermenegildi alinong'ona kwamba ningeweza kuweka tarehe ya Juni. Beatus alimsikia, akaniagiza niandike ya leo. Karani wa kamati aliipokea siku hiyohiyo, akagonga muhuri na kusema kwamba imechelewa.

Jioni walikwenda kwa Polycarp. Yaliyosemwa huko nilisimuliwa na Hermenegildi. Polycarp aliwaamkia vizuri, akavuta kiti, akasema macho yake nayo yamechoka, huenda alikosea namba.

“Shikamoo yako nimeipokea,” Beatus alimjibu. “Namba umekosea. Na jina lako je, Polycarp, liliandikwa kwa maandishi madogo?”

Polycarp akasema kaka yake hana mtoto wa kiume, na shamba lisingekaa hivyo hivyo. Beatus alimuuliza kwa nini hakumwambia hilo waziwazi, yeye ambaye masikio yake ni mazima. Alisimama, na mdogo wake alipotaka kumshika mkono amwongoze mlangoni, aliuondoa.

Agosti 1997 ekari zile mbili zilikuwa zimekwisha kuandikishwa kwa jina la Polycarp. Beatus alikuwa akiishi Sanje kwa binti yake, Febronia, na kila barua aliyopata ilisomwa na watu wawili, mmoja baada ya mwingine, bila wa pili kuwapo wakati wa kwanza akisoma.