Udi Ndani ya Mashine

Mashine yetu ina umbo la kata, ile wanayoweka wanawake kichwani chini ya ndoo, ila kata hii ni ya chuma na imezungukwa na sumaku za umeme. Kazi yake ni kuchemsha gesi kidogo hadi ing'ae, tujifunze namna ya kuunganisha viini vya atomu kama vinavyoungana ndani ya jua. Watu wakisikia habari za jua hudhani tunaishi katika maajabu. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kazi yetu ni usafi. Kabla ya kila duru ya majaribio tunaifungua, tunaifuta ndani, tunaifunga, tunanyonya hewa yote kwa pampu, kisha tunaioka kwa mikanda ya joto ili chuma kiteme unyevu na uchafu. Alama ya kidole tu inatosha kutuharibia.

Duru ninayoisimulia ilikuwa ianze na jaribio langu. Kwa miaka nilikuwa nikiandaa majaribio ya wengine katika maabara ile ya chuo, hapa Johannesburg, na hili ndilo lilikuwa la kwanza kuwa langu mwenyewe. Mkuu wetu, mama wa Kizulu asiyepoteza maneno, alinieleza wazi: mashine isipokuwa tayari kufikia Ijumaa, mitambo ya umeme inahamia kwa kundi jingine hadi mwakani. Mwakani mkataba wangu ungekuwa umekwisha.

Na mashine ikagoma. Tulioka, pampu zikanguruma, namba za hewa iliyobaki zikashuka kwenye geji, zikafika mahali zikakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Mwenzangu wa pampu, Mkongo wa Lubumbashi anayeishi mtaa wa Bellevue, alikagua kila kiungo akitafuta tundu. Hakuna tundu. Kipimo cha gesi kikaonyesha kwamba kuna kitu cha mafuta mle ndani, na kila tukioka kinazidi kutoka. Nilikasirika sana, kwa sababu mikono iliyoingia humo ilikuwa yangu tu. Milango ya mashine ni myembamba, na mimi ndiye mwembamba kuliko wote. Nilikuwa nimevaa glavu, nimefuta kwa spiriti, nimefuata kila kanuni. Kwa hiyo nikamgeukia mwenzangu, nikamuuliza kwa ukali kama pampu yake imetema mafuta. Alinionyesha kwamba pampu ni kavu, kisha akanisogelea na kunusa.

"Dada, usikasirike," alisema. "Lakini hii ovaroli yako iko inanukia sawa Mayfair ya siku ya Ijumaa."

Nilinusa mkono wa ovaroli, sikusikia kitu. Nikanusa tena, ndipo nikaelewa. Pua yangu ilikuwa imeizoea harufu ile kwa sababu ndiyo harufu ya nyumbani kwangu. Naishi Mayfair, mtaa wa Waislamu wengi ambako Ijumaa udi hunukia kila mlango, na wakati huo mama yangu alikuwa amekuja kutoka Tanga kunitembelea. Mashine ya kufulia ya maabara ilikuwa imeharibika, hivyo ovaroli nilikuwa nazifua nyumbani.

Jioni nilimkuta mama ametandaza ovaroli nyeupe juu ya kapu la kufukizia, chetezo kiko chini, moshi unapanda. Kwetu nguo ya heshima haivaliwi bila kufukizwa. Na udi wa mama si wa dukani, anaupika mwenyewe kwa sukari na mafuta mazuri, na huo moshi wake alikuwa akiuelekeza hasa kwenye mikono ya ovaroli.

"Mama, huo udi umeingia kwenye mashine," nilisema. "Ndio unaoniharibia kazi." Sauti yangu haikuwa nzuri.

Aliinua ovaroli kutoka juu ya kapu. "Nilitaka wakikuona wajue una kwenu."

Nusu ya hasira iliniisha palepale. Nusu nyingine nikaenda nayo kazini kesho yake, maana nilikuwa naihitaji.

Nilimwambia mkuu nataka kufungua tena. Akanikumbusha kwamba pete za shaba zinazoziba milango hutumika mara moja tu, na stoo imebaki seti moja. Nikikosea tena hakuna cha kufungia. Nikamjibu kwamba nafungua. Nilivaa ovaroli mpya ambayo haijawahi kufika kwangu, nikapiga magoti chini ya mashine na kuingiza mkono hadi begani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nilifuta, nikabadilisha kitambaa, nikafuta, hadi bega likafa ganzi na kitambaa kikatoka kama kilivyoingia. Mimi na mwenzangu tukakaza bolti kidogo kidogo, huku na huku. Kisha tukaoka.

Nyumbani mama alikuwa amekipandisha chetezo juu ya kabati. Jirani wa Unguja alikuja kumsalimia, akauliza kama kuna mgonjwa, mbona nyumba hainukii. Mama akamwambia kwamba mwanawe anapika jua, na jua lenyewe halitaki moshi.

Alhamisi namba zilifika pale zilipokuwa zikikwama, zikapita, zikaendelea kushuka. Ijumaa asubuhi mkuu alisimama nyuma yangu, nikabonyeza kitufe. Kwenye kidirisha gesi iliwaka rangi ya waridi, ikazimika kabla sijapepesa jicho. Nililia mbele yao wote na sikuona haya. Mwenzangu alisema "sharp", yaani safi kwa lugha ya mitaa ya hapa, na kurudi kwenye pampu zake. Mkuu akaniambia Jumatatu tunaendelea na jaribio langu.

Nilirudi Mayfair watu wakitoka msikitini, kila mmoja na harufu ya kwao. Mlangoni kwetu hakukuwa na harufu yoyote. Mama alikuwa amekaa, mikono mapajani, ananitazama usoni bila kuuliza.

"Imekubali," nilisema. "Teremsha chetezo, mama."

Aliuliza afukize nguo gani, maana ovaroli ameambiwa asiziguse tena.

Nikavua viatu, nikakaa sakafuni karibu na miguu yake. "Nifukize mimi," nilimwambia.

Akainuka kwenda kutafuta makaa.