Jiwe Nyuma ya Gurudumu

Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, lori lilisimama katikati ya kilima karibu na mto Chania, Thika. Ndani walikuwamo inspekta Mzungu na mtahiniwa wake, mtu wa Ruiru aliyekuwa taniboi, msaidizi wa dereva, kwa miaka minane. Tajiri wake alikuwa amemwambia kwamba akishinda mtihani wa udereva atapewa lori aendeshe. Akishindwa, dereva mwingine anaanza kesho.

"Sasa panda," inspekta akasema. "Na lori isirudi nyuma."

Lilirudi, kama shibiri mbili. Mtahiniwa akafungua mlango, akaruka, akaokota jiwe na kuliweka nyuma ya gurudumu. Lori likatulia. Inspekta alibaki peke yake, ameshika breki ya mkono kwa mikono miwili.

"Nani anaendesha hii gari?"

"Samahani, bwana. Miguu imetangulia."

Tuliokuwa tukingoja zamu kando ya barabara hatukucheka.

"Si amemwokoa Mzungu?" mmoja akanong'ona.

"Amemwokoa. Lakini hiyo ni kazi ya taniboi."

Kwa miaka minane aliajiriwa kwa wepesi ule ule. Siku hiyo ulimponza.

Jumatano asubuhi nililiona lori lile Ruiru. Dereva alikuwa mgeni. Taniboi wetu alikuwa nyuma, juu ya magunia.