Bunduki Mbovu na Viatu vya Shule

Mtu atoke Mombasa, aje Guangzhou, asome vita vya Wahispania na Waapache wa majangwa ya Meksiko! Wenzangu wa hosteli walinicheka mpaka wakachoka. Mada yenyewe nilipewa na profesa, na mwanafunzi wa udhamini hachagui sana. Lakini ikaniingia. Nilisoma kwa hasira, na hasira hiyo sijaimaliza hadi leo.

Kwa miaka mingi wanajeshi wa Mhispania walikuwa wakitoka ngomeni na farasi na nyumbu, wakiwinda kambi za Waapache milimani. Wakikuta wanaume hawapo, wanabeba wanawake na watoto. Wanawafunga minyororo na kuwaswaga kusini, na wengine wakapakiwa melini hadi Kuba wasirudi kwao tena. Na bado Waapache hawakwisha. Ndipo mkubwa mmoja akatoa amri ya kijanja kuliko risasi: wanaokubali amani wakae karibu na ngome, wapewe nyama, mahindi, pombe na bunduki. Bunduki nzuri? Thubutu! Wapewe zile dhaifu, za kuharibika haraka, ili wasahau mishale yao na kila mara warudi kwa Mhispania kutengenezewa. Imeandikwa wazi, bila haya.

Nilikuwa kwenye sura hiyo ya tasnifu shangazi yangu alipofika kununua mzigo. Ana duka la viatu vya shule nyumbani, na kila akija Xiaobei, mtaa wa Guangzhou wanakonunulia Waafrika, mimi ndiye mdomo wake. Tukapanda ghorofa za maduka ya jumla, yeye mbele na mtandio wake, mimi nyuma na mabegi.

Laoban, ndivyo tunavyowaita wenye maduka, alituuliza mzigo unakwenda wapi. Nikamwambia Kenya. Basi akaninyang'anya kiatu nilichoshika, akakirudisha rafuni, akainama chini ya meza na kutoa kingine. Kwa macho ni pacha. Nikakikunja: soli imebandikwa kwa gundi, haina uzi hata mmoja, na nilipoinua kitambaa cha ndani nikakuta karatasi ya boksi tu. Nikamuuliza kitadumu muda gani. Akacheka, akasema kikinyeshewa basi.

Kiatu kile nilikijua. Nilikivaa darasa la nne, kikaachama mvua za kwanza tu, na mama akanichapa. "Hujui kutunza vitu! Kwani wewe unakanyagaje?" Akaenda kununua vingine kwa wifi yake, huyu huyu shangazi, navyo vikaachama vilevile. Nikajifunza kutembea taratibu, nikikwepa vidimbwi, na watoto wenzangu wakinicheka. Utoto wangu wote niliamini miguu yangu ndiyo mibovu.

"Shangazi, usichukue hivi. Chukua vya kushonwa."

"We mtoto, wazazi hawaulizi uzi, wanaulizia bei. Nikileta vya kushonwa jirani yangu atanifungisha duka."

"Lakini vitakufa kabla muhula haujafika nusu!"

"Si ndio viatu? Vyote hufa."

Nikamsimulia habari za Waapache. Palepale, tumesimama katikati ya maboksi, laoban akitutumbulia macho. Nikamweleza wanajeshi wanavyozingira kambi alfajiri, watoto wanavyotembezwa na minyororo, halafu zile bunduki. Hata mbele ya profesa sijawahi kueleza vizuri namna ile. Na shangazi alisikiliza, wallahi alisikiliza. Nilipofika kwa watoto wa kupelekwa Kuba alishika kifua, akasema, "Subhanallah, masikini viumbe wa watu." Kile kiatu akakiweka mezani polepole. Nikajua nimempata, na moyo ukanifunguka kwa furaha.

"Sasa hizo bunduki," akauliza, "zikiharibika, walikuwa wakirudi?"

"Wengine walirudi."

"Kwa huyo huyo Mhispania?"

"Wangekwenda kwa nani tena, shangazi?"

"Haya."

Akamgeukia laoban. Kichina cha soko anacho cha kumtosha, hakunihitaji. Akakiinua kile cha boksi, akasema, "Yao," nakitaka, na laoban akaanza kuita vijana washushe mzigo.

"Shangazi, mimi nilichapwa kwa ajili ya viatu hivi!" Nilipiga kelele, watu wa duka la pili wakachungulia. "Nilichapwa, unasikia? Mtoto mdogo, nachapwa kwa kosa la gundi!"

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alinisogelea, akanifuta machozi kwa ncha ya mtandio wake, kwa huruma ya kweli kabisa, kama alivyowahurumia wale watoto wa minyororo.

"Najua, mwanangu," akasema. "Mama yako alirudi dukani siku ileile."